Alama ya Penseli

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na alama tatu za kusahihishia. Mbili kila mwalimu anazo: vema na kosa, zote kwa wino mwekundu. Ya tatu ilikuwa yake peke yake. Ilikuwa herufi d ndogo, kaiandika kwa penseli pembezoni mwa mstari, nyepesi mno, ukipitisha kidole mara mbili inafutika. Ilisimama badala ya neno doubtful, na siku ya kwanza alitueleza maana yake: hapa sina hakika kama wewe umekosea au mimi ndiye nisiyejua; njoo mezani unishawishi.

Tulizipenda zile d kuliko vema. Mwanafunzi mwenye vema hakuwa na sababu ya kwenda mezani, na mwenye kosa hakuwa na la kusema akifika. Mwenye d aliitwa, akavutiwa kiti, akasikilizwa na mtu mzima aliyeinamisha kichwa kana kwamba anaelezwa jambo kubwa. Akishawishika, alichukua raba akafuta, akatia vema. Asiposhawishika, aliiacha penseli ilivyo. Sikuwahi kumuona anaigeuza kuwa kosa. Ninalo hadi leo daftari langu la kidato cha pili, na ndani yake mna d tatu zilizobaki. Zaidi ya miaka ishirini imepita na shaka yake juu ya sentensi zangu haijaisha.

Neno lile halikukaa darasani. Mtaa wetu wa Madungu, hapa Pemba, una masikio, na mwalimu aliyeishi humo alikuwa na mdomo. Muuza samaki wa baiskeli, aliyekuwa akichukua mzigo wake bandarini Wesha alfajiri, alipofika mlangoni pake hakupiga honi. Alisema, "Mwalimu, leo sina dautifu hata mmoja," na Mwalimu alitoka akawafunua matamvua mmoja mmoja. Likaenda likawa neno la mtaa. Papai gumu lilikuwa dautifu. Mchumba aliyekuja bila wazee alikuwa dautifu. Msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa hadi ukingoni mwa barabara, mtu mmoja akitazama juu na kusema leo kuna dautifu, wanawake watatu waliinuka pamoja wakaanza kukunja. Bibi yangu mwenyewe, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa neno hilo, alilitumia kwa kila kitu isipokuwa dini.

Nje Mwalimu hakuwasahihisha. Darasani alikuwa mkali. Ile b iliyo katikati ya neno hutaitamka mbele yake ukasalimika. Tulimuuliza, kama haitamkwi imewekwa ya nini. Akasema mtu anaweza kuwemo ndani ya nyumba asiitikie hodi, na nyumba isiwe tupu kwa hilo. Tukaandika madaftarini kama ni kanuni.

Usidhani alikuwa mtu wa kusitasita. Alitembea haraka hata sisi watoto tukimfuata tulikuwa tunakimbia. Yapo mambo aliyokuwa na hakika nayo kamili, na mengi yao ningeyatilia d mimi: kwamba chai ya mchaichai inatibu homa, upele na uvivu, kwamba mwanafunzi anayependa kukaa dirishani atafeli, kwamba mtu wa Wete hawezi kukaanga samaki bila kumuunguza. Mume wangu ni wa Wete. Alikula kwa Mwalimu mara mbili na kila mara aliulizwa, kwa upole, kama samaki yuko mbichi sana kwa mazoea yake.

Somo la lile neno alilisomesha kwa siku mbili nzima, na baadhi yetu tulichoka. Aligawa ubao. Huku akaandika shaka ya mtu, huku shaka ya jambo. Ukisema wewe ndiye doubtful, alisema, ugonjwa umo ndani yako, na jambo lenyewe huenda ni zima kabisa. Ukisema jambo ni doubtful, hata ukiwa na moyo wa chuma, limelegea lenyewe. Waingereza, alisema, wametumia neno moja kwa yote mawili, kwa hiyo ukilikuta uulize kwanza shaka iko wapi. Siku ya pili akaongeza matumizi ya tatu, na haya hayakuwemo kitabuni. Mwingereza akiona ombi lako haliwezekani, asitake kukuvunja, atakwambia ni doubtful. Hapo huna haja ya kungoja. Umeshakataliwa kwa adabu.

Nakumbuka alipanguza ubao polepole siku ile. Nikakusanya madaftari nikampelekea nyumbani, maana nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka kwake.

Nyumbani alikuwa akiishi na mama wa mumewe. Mtaa mzima ulimwita yule mama Bi Mkubwa. Hakujua kusoma ila msahafu, na ni yeye aliyemlazimisha mkaza mwana wake aende chuo cha ualimu Unguja akiwa bado bi harusi, mwana hajarudisha hata meza za kuazima. Watu walimcheka. Mke wa mwanawe anakwenda kusoma, yeye kabaki anakuna nazi na kufua nguo za mtoto wake mtu mzima. Bi Mkubwa alisema nazi kaanza kuikuna kabla ya wao kuzaliwa na mkono haujamkatika. Mwalimu hakuwa na mama. Yule ndiye alikuwa mama.

Mume hakuwepo. Miaka ile ya magendo ya karafuu, mimi bado mdogo wa kubebwa, aliondoka Msuka na wenzake wanne na mashua ya magunia, kwenda upande wa Kenya. Haikurudi mashua, haukurudi hata ubao wake. Siku zilipozidi, wanawake wa mtaa walivaa mabuibui wakaja na mikeka yao, kama inavyofanywa. Mama yangu alikuwemo. Anasema Bi Mkubwa alisimama mlangoni akawauliza wamekuja kwa msiba wa nani.

"Mwanangu kenda safari," akawaambia. "Siku mtakayonambia kafa, mchimbe makaburi mawili."

Wakakunja mikeka wakarudi. Na hapo ndipo maisha ya Mwalimu yalipokwama. Mwanamke wa kwetu akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Huwa kizuka, hajipambi, hatoki, na watu humjia asubuhi na jioni, humpa pole mpaka achoke kuzisikia. Aliyeachwa naye anayo eda yake, na baada yake yuko huru. Mwalimu hakuwa huyu wala yule. Hakupata pole hata moja. Hitima haikusomwa, kwa kuwa hitima husomewa maiti. Hata jina la mumewe lilikuwa zito kulitaja, maana ukisema marehemu unamuua, na usiposema, watu wanatazamana. Yeye alisema "mume wangu" basi, akaendelea na maneno yake.

Kila Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, Bi Mkubwa alimuuliza swali moja. Nimelisikia mwenyewe mara nyingi, nimekaa ukumbini nasubiri madaftari.

"Leo kuna habari, mwanangu?"

"Ziko, Mama, ila za shaka."

"Alhamdulillahi," Bi Mkubwa anasema. "Shaka si haba."

Halafu wanakula. Sisi wasichana tulikuwa tukiigiza mazungumzo yale njiani, Mungu atusamehe, mmoja Bi Mkubwa na mmoja Mwalimu, tukacheka.

Na kulikuwa na kofia. Kila mwaka, ukishaandama mwezi wa Rajabu, Bi Mkubwa alimtaka ashone kofia mpya ya Idi ya mwanawe, isije akarudi akakuta hana ya kuvaa. Ajuaye kushona kofia ya mkono anajua kazi yake: vile vitundu vidogo, kimoja kimoja, miezi kwa miezi, shingo inauma na macho yanakwenda. Mwalimu alikuwa akiibeba skuli ndani ya mkoba. Wenzake wanakunywa chai, yeye anashona. Ikimalizika hufuliwa, hupigwa wanga, hutiwa sandukuni juu ya ile ya mwaka jana. Idi ya kwanza ninayoikumbuka sanduku lilikuwa na kofia sita. Nilipokuwa bibi harusi mwenyewe, Mwalimu alinifungulia nichague ukaya wa kuazima wa kujitanda kichwani, nikaziona zimejaa hadi kifuniko. Nilimuonea huruma. Nilijisema moyoni, huyu maskini anamngoja mtu aliyekwisha.

Maana wakati huo mtaa ulishahukumu. Ilikuja habari, miaka michache baada ya kupotea mashua, kwamba kaonekana Mombasa, soko la Kongowea, anauza viazi, ana mke na watoto na tumbo mbele. Aliyeileta aliisikia kwa mwengine. Ilipofika kwa Bi Mkubwa alishika kifua akauliza jambo moja tu: kanenepa? Akaambiwa kanenepa. Akashukuru Mungu na akalia kwa furaha, mbele ya mke aliyeachwa, na mke akawa anamimina chai. Mama yangu alikuwepo. Alisema chai haikumwagika hata tone.

Watu walipomuuliza Mwalimu juu ya habari hiyo alisema ni doubtful. Basi wakamhukumu: kasoma sana, hawezi kukubali kwamba kaachwa kama wanawake wengine wanavyoachwa. Neno lake likawa la kumsemea. Mtu anayeng'ang'ania kitu kilichokwisha, Madungu walisema huyu kashikwa na dautifu ya Mwalimu.

Nilipokuwa kidato cha tatu mwalimu wa hesabu alitaka kumuoa Mwalimu. Alikuwa mjane, mrefu, mpole, mwenye baiskeli iliyokuwa ikilia kabla yeye hajaonekana. Alimtuma mama yangu, na mama alikwenda na maneno yaliyopangwa vizuri: kwamba mke wa mtu aliyepotea ana njia mbele ya Kadhi, miaka inatosha, mashahidi wapo, hapana aibu. Bi Mkubwa siku hiyo alikuwa kalala ndani. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia mama, mwambie ndoa yangu ina shaka, na mwenye shaka hafungui mlango wa pili. Mama akapeleka jibu, na kwa kuwa wote wawili ni wasomi akalipeleka na lile neno lenyewe la Kiingereza. Mwalimu wa hesabu aliinamisha kichwa akasema kafahamu. Alingoja mwaka mmoja akaoa Mkoani akahamia huko. Baiskeli hatukuisikia tena.

Mama alikasirika kwa niaba ya wote wawili. Alisema mwanamke yule anajizika hai kwa ajili ya mwanamume anayekula viazi.

Nami nilikuja nikawa na hasira za mama yangu. Nilimaliza chuo, nikapangiwa skuli ileile, tukawa tunakaa meza moja ya walimu, na kwa ujana wangu nikadhani kuwa sasa tu sawa. Siku moja anashona kofia yake nikamwambia, tena mbele ya watu, "Mwalimu, mtu mzima hufika pahala akakubali." Hakuinua macho. Alikamilisha tundu, akakata uzi kwa meno, akachukua penseli yangu mezani. Kwenye karatasi iliyokuwa mbele yangu akaandika d ndogo pembeni, akarudisha penseli. Wenzetu wakacheka. Mimi nilicheka nao. Naona haya mpaka leo.

Jambo jengine nililiona nisilifahamu. Zinaposomwa hitima mtaani, wasomaji hutaka majina ya maiti wa kuombewa, na karatasi huzunguka upande wa wanawake, kila mtu anaandika wake. Mwalimu aliandika jina la baba yake, jina la mama yake, na chini yao alitia nukta moja ya penseli. Kila hitima, kila mwaka. Nilimuuliza mara moja ni nani. Akanambia ni mja wa Mungu, na Mungu hahitaji tahajia.

Bi Mkubwa alikufa akiwa na umri ambao hakuna aliyeuhesabu. Ijumaa ya mwisho, wanasema, sauti ilikuwa haitoki, akauliza kwa macho, na Mwalimu akamjibu kwa sauti, ziko, Mama, ila za shaka. Akafumba macho kama aliyeambiwa chakula kiko tayari. Msiba ulijaa. Siku ya tatu nilipokwenda kumsaidia kuosha vyombo nilihisi kuna kitu kinakosekana, na haikunijia mpaka nimerudi nyumbani: mikono yake ilikuwa mitupu. Ulikuwa mwezi wa Shaabani na hapakuwa na kofia mapajani. Nikadhani ni majonzi. Rajabu ya mwaka uliofuata hakushona, wala uliofuata.

Alibaki peke yake katika nyumba ile yenye sakafu nyekundu. Kishastaafu, watoto aliowasomesha wametawanyika, muuza samaki wa baiskeli kampisha kijana wa bodaboda asiyejua maana ya dautifu. Macho yake yaliingia mtoto wa jicho, yote mawili. Nilikuwa nampitia, si kila siku kama nilivyojiahidi. Kuna siku nilipita mlangoni pake na mifuko yangu ya soko, nikamuona kakaa ndani kauelekeza uso mlangoni, nikasema moyoni nitarudi, sikurudi. Naandika haya kwa kuwa yeye hakuwahi kunilaumu.

Mwaka huu sheha wa mtaa wetu aliandikisha wazee wanaoishi peke yao, na akaniomba mimi jirani nimjazie Mwalimu fomu yake. Nilikwenda Jumamosi, baada ya adhuhuri. Nikabisha hodi, akanijua kwa nyayo. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akaniuliza samaki wa nyumbani kwangu bado wanaungua. Nilikaa kitini karibu na dirisha nikauchukua msahafu uliokuwa dirishani nikaulaza mapajani, fomu juu yake, akanisikia akaniambia, si juu ya msahafu, mwanangu. Nikautoa nikaweka daftari.

Tukaandika jina, tukaandika mtaa. Umri tulibishana kidogo. Nilipofika hali ya ndoa, paliandikwa hali nne za kuchagua na mstari mtupu wa kuandikia, nikacheka.

"Hapa nitie d, Mwalimu?"

Hakucheka. "Umeshika nini, kalamu au penseli?"

"Kalamu."

"Basi andika mjane."

Nilidhani umri unamchanganya. Nikamuuliza kwa upole kama ana hakika, na yeye akageuza uso upande wangu, na ukungu ule machoni.

"Andika. Mume wangu kafa. Kafa wewe hata kusoma hujui."

Niliandika. Mjane yangu ikatoka mbaya. Kisha akanambia nikalete bati la biskuti lililo chini ya kitanda, upande wa ukutani, na wakati nalitafuta alianza kunieleza kutoka ukumbini, sauti yake ileile ya darasani.

Mwaka wa pili baada ya kupotea mashua, alikuja mtu skuli, akamwita nyuma ya madarasa. Alikuwa mmoja wa wale watano. Mashua ilipinduka karibu na nchi kavu. Watatu walikwenda na maji, yeye na mume wa Mwalimu walifika ufukweni katika kijiji kimoja upande wa Kenya. Mumewe alikuwa kajigonga vibaya kifuani. Aliishi siku tatu. Wenyeji walimuosha, wakamsalia, wakamzika, na mtu huyo aliingia kaburini akampokea kwa mikono yake. Mwenyewe alikuwa anatafutwa kwa magendo. Alimuapisha Mwalimu asimtaje, akampa kitu alichokuja nacho, akaondoka, na mpaka leo hakuna aliyemuona Pemba.

Ndani ya bati mlikuwa na kofia moja, imegeuka rangi ya chai. Akaipokea, akaizungusha vidoleni pole pole, akasimama pahala.

"Hesabu hili ua."

Lilikuwa na majani matano. Mengine yote yalikuwa na sita. Alisema aliishona wakati wa uchumba, ndiyo kofia yake ya kwanza, na alikosea hapo, na mume alimkatalia asilifumue. Mtu mwengine angeweza kuletewa kofia akasema zinafanana. Yeye hakuwa na pa kuweka penseli.

Nilimuuliza eda. Akanambia alimuuliza sheikh mmoja kwa mfano wa mwanamke mwengine, akajibiwa kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. "Yangu ilikuwa imeshapita," akasema, "nasahihisha madaftari."

"Na Bi Mkubwa?"

"Ningemwambiaje? Yule mama alinitoa jikoni akanipeleka chuoni. Nilimuona kila Ijumaa anapata pa kushika. Nikasema basi, na ashike."

Nilimuuliza ile habari ya Mombasa. Alisema aliijua kuwa ni uongo palepale, na buli mkononi. Kamuona Bi Mkubwa anafurahi kwamba mwanawe ni mtu mbaya, mwenye mke mwengine, asiyejali mama wala nyumba, maadamu yuhai na kanenepa. Basi akakubali kuwa mke wa kuachwa. Lilikuwa si zito kama mimi nilivyodhani, alisema. Zito lilikuwa kofia. Kumshonea maiti kofia kila mwaka na kuipiga wanga.

Nikawa nafikiri juu ya mwalimu wa hesabu, sikuthubutu kuuliza, na yeye akanitangulia kama alivyozoea kutangulia maswali yetu.

"Yule alidhani namkatalia kwa adabu." Akaipapasa kofia. "Sikuwa namkatalia. Sikuwa na njia ya kusema ndiyo isiyopita juu ya Mama."

Kisha alisema jambo ambalo nimelirudia kichwani kila siku tangu Jumamosi ile. Alisema alitusomesha miaka yote kwamba penseli ni ya mtu asiye na hakika, ndiyo uaminifu wake. Yeye alikuwa na hakika, na akaandika kwa penseli zaidi ya miaka ishirini. Kwa hesabu zake mwenyewe hilo ni kosa, la wino mwekundu, na hakuna wa kumshawishi alifute.

Nikamwambia mimi ningelitia vema. Akasema mimi siku zote nilikuwa mwepesi wa kutia vema.

"Lakini Bi Mkubwa kafa siku nyingi," nikasema. "Kwa nini hukusema hapo?"

"Nilikusudia. Siku ya arubaini yake nilivaa nisimame niseme. Nikatazama ukumbini." Alikuwa anaikunja kofia, anaikunjua. "Kila aliyemjua kafa au kasahau. Watanipa pole ya mtu wasiyemkumbuka sura? Nikakaa."

Nje kijana wa bodaboda alipita anapiga honi ya samaki. Hatukuitika. Nilikuwa natazama ile fomu, na neno langu baya la wino, na nikajua kwamba mwanamke huyu kafiwa na mume tangu mimi sijaanza skuli na hakuna binadamu hata mmoja aliyemwambia neno ambalo kwetu hata mpita njia huambiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia akubali.

Nikainuka nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, kama inavyofanywa.

"Pole na msiba, Mwalimu. Mungu amrehemu, amuweke pema."

Jibu lake sote tunalijua, tumelisema misiba mingapi.

"Nimeshapoa," akasema.

Hakuuachia mkono wangu. Machozi yalikuwa yanamtoka katika yale macho yasiyoona, hayana haraka.

"Hilo nalo," akasema, "litie d."

Sikuandika kitu. Nilikisogeza kiti pembeni, nikavuta mkeka uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikautandika karibu na miguu yake nikakaa chini, kwa kuwa msibani watu hukaa chini, na hawaondoki upesi.